Nimemtukana mwanangu kwa sababu ya ndoo ya maji

Shikamoo Mama,

Nina miaka 38, naishi Newala na mume wangu, watoto wanne na mama mkwe. Asubuhi nauza chai na maandazi karibu na stendi, mchana nipo kwenye shamba letu la mikorosho. Kanisani kwetu, Anglikana, mimi ni msomaji wa masomo na nimo katika umoja wa akina mama. Nakueleza haya ujue kwamba anayekuandikia si mtu anayelisikia neno la Mungu kwa mbali. Ndiyo maana naona aibu.

Mama, mimi nimechoshwa na mambo madogo. Sijafiwa, siumwi, nyumba haijaungua. Ni ya kila siku tu. Mtaani kwetu maji yanatoka usiku mmoja kwa wiki, na wiki nyingine hayatoki kabisa. Yakitoka ni saa sita usiku, na ndoo zimeshapangwa bombani tangu magharibi. Ukienda mara moja kumwangalia mtoto, ukirudi ndoo yako imesogezwa nyuma na hakuna aliyeona. Saa kumi alfajiri inabidi niwe nimeshakanda unga. Wateja wanakula kwa mkopo: "Mama, nikilipwa korosho nakupa yako." Na mimi mwenyewe sijalipwa! Tulipeleka magunia sita ya korosho chama cha msingi cha ushirika, mnada ukapita, tukaambiwa tusubiri siku chache. Hii ni wiki ya tatu. Nikienda ofisini naambiwa njoo kesho. Kuna siku nilitamani gunia moja lililobaki nilipeleke kwa watu wa kangomba, wale wanunuzi wa magendo wanaopima kwa kibakuli, yaishe.

Nikiinua sauti nyumbani, mama mkwe anasema wanawake wa siku hizi hawana kifua. Nikimlalamikia mume wangu, anasema "Bwana atatenda", anageukia ukutani, analala. Hayo maneno sasa yananichoma kuliko tusi.

Jumamosi iliyopita nilikaa bombani tangu saa mbili usiku, nikapata ndoo tatu. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa ananisaidia kuingiza ndani. Akajikwaa kizingitini, ndoo nzima ikamwagika. Nikampiga kofi, nikamwambia, "Bora nisingekuzaa." Nilisema hivyo, Mama. Hakulia. Alichukua tambara, akaanza kupangusa sakafu na kulikamulia kwenye beseni ili maji yasipotee.

Asubuhi yake ilikuwa zamu yangu kusoma. Somo lilikuwa Wagalatia 5, lile tunda la Roho. Nilipofika kwenye "uvumilivu" koo likanikaba. Nikasingizia mafua, akamalizia mwingine. Mwenzangu mmoja nilipomweleza akaniambia nina pepo la hasira, nifunge siku tatu niombewe. Siku ya kwanza ya kufunga niligombana na mteja hata saa nne haijafika.

Niambie ukweli. Imani yangu ni ya uongo? Niache kusoma kanisani? Na saburi anaipataje mtu ambaye shida zake ni zilezile, zinarudi kila siku?

Mama wa Newala


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale, kwenye lile tambara. Umeniandikia habari za bomba, chama, wateja na mama mkwe, na zote nitazigusa. Lakini mtoto aliyepigwa kofi, akaambiwa bora asingezaliwa, kisha asilie bali apige magoti kuokoa maji, huyo ameshaanza kuamini kwamba maji yana thamani kuliko yeye. Usingoje nimalize kukujibu. Leo hii, akitoka shule, kaa naye pembeni mkiwa wawili tu.

Mwambie hivi, au kwa maneno yako yanayofanana na haya: "Siku ile nilisema neno ambalo si kweli. Nilikuwa nimechoka, lakini kuchoka kwangu si kosa lako. Nafurahi kwamba nilikuzaa." Halafu nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe ungeangalia unapokanyaga." Ukiongeza hilo, umelifuta lile la kwanza.

Najua kwetu mkubwa haombi msamaha kwa mtoto. Mzazi akijua amekosea, humwekea mtoto andazi la ziada au humnunulia viatu, akitumaini ataelewa. Mtoto atafurahia viatu, ila hatajua kama lile neno limeondolewa au bado lipo. Mimi nilikaa na neno la namna hiyo la mama yangu hadi nilipokuwa mtu mzima, na nguo za sikukuu alizonishonea hazikulitoa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Binti yako aliyazoa, kwa tambara, mpaka yakaingia kwenye beseni. Basi na wewe lizoe neno lako.

Sasa swali lako la imani. Fungua Hesabu sura ya 20, uisome polepole kama mtu aliyewahi kukesha bombani, maana habari yenyewe ni ya maji. Watu wako jangwani, wana kiu, wanamlaumu Musa kana kwamba yeye ndiye aliyeufunga mwamba. Angalia mstari wa kwanza, ambao wengi huuruka: Miriamu, dada yake Musa, amefia hapohapo Kadeshi na kuzikwa. Musa ametoka kuzika, na kabla hajapumua watu wanamzonga kwa ajili ya maji. Mungu anamwambia auambie mwamba utoe maji. Musa anawaita watu waasi, anainua fimbo, anaupiga mwamba mara mbili.

Na maji yakatoka, mengi. Mungu hakuwanyima maji wenye kiu kwa sababu mtumishi wake alikuwa amekasirika. Papo hapo, hakusema kwamba hasira ile si kitu. Ilimgharimu Musa, na yeye si aliyewaingiza watu katika nchi ile. Yote mawili yamo, na sisi wahubiri wa majukwaani na wa vibarazani mara nyingi huchukua moja tu. Kisha soma mbele kidogo, mstari wa 14. Musa anatuma wajumbe kwa mfalme wa Edomu kuomba njia. Maana yake aliamka akaendelea na kazi. Hakujiuzulu. Kwa hiyo imani yako si ya uongo, mwanangu. Mwenye imani ya uongo angesoma "uvumilivu" kwa sauti nzuri, akakaa, akaenda nyumbani. Wewe koo lilikukaba kwa sababu neno lilikugusa. Zamu yako ikifika tena, soma.

Kuhusu pepo: simdharau mwenzako, alitaka kukusaidia. Lakini nimehesabu saa zako. Unatoka bombani usiku wa manane, saa kumi unakanda unga, mchana uko shambani. Unalala kwa muda wa saa tatu tu, ukijaliwa nne. Mtu wa namna hiyo akifunga huku anakaanga maandazi mbele ya moto, atagombana na mteja kabla ya saa nne, na hapo sioni haja ya kumtafuta pepo. Eliya alipochoka hata akaomba afe, chini ya mti wa mretemu, Bwana hakumhubiria kwanza. Eliya alilala, akaamshwa na malaika akala mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa akala tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani. Ukitaka kufunga, funga wakati umelala vya kutosha. Kwa sasa kulala kwako ni sehemu ya utii.

Nilizaliwa uwanda huohuo wa Makonde. Unaijua ardhi yetu: mvua inanyesha vizuri tu, lakini mchanga unayanywa maji yote, juu hapabaki kijito wala kisima cha karibu. Maji yako mabondeni. Kabla bomba halijatufikia sisi, tuliteremka na vyungu na ndoo, tukapanda nayo kichwani. Sikusimulii haya ili ujione una nafuu. Ilikuwa adhabu, na wasichana wengi waliacha shule katika njia ile. Nakusimulia kwa sababu ya bibi yangu. Alikuwa na mti wake katikati ya mpando, na tukifika hapo sharti kila mtu atue, hata asiyechoka. Sisi tulitaka kupitiliza tuwahi nyumbani. Alikataa. Alisema anayengoja achoke ndipo atue, huvunja chungu.

Wewe umepitiliza ule mti, mwanangu. Tangu Jumatatu umebeba foleni, mikopo, njoo-kesho na ukuta wa mume wako, umekaa kimya ukadhani ndiyo saburi. Kumeza siyo saburi. Paulo anaposema katika Warumi 5 kwamba dhiki huleta saburi, na saburi uthabiti wa moyo, na uthabiti wa moyo tumaini, anazungumzia mtu anayesimama, mwenye mahali pa kukanyaga. Aliyemeza sita kisha akatapika la saba, na akamtapikia asiyehusika, hakuwa amesimama. Hasira ni kama maji ya kwetu Makonde, haikai juu. Inateremka. Aliyekuudhi ni bomba, ni ofisi, ni mteja. Iliposhuka ikamkuta aliye chini kuliko wote, mwenye miaka tisa.

Kwa hiyo tua njiani. Tua kwa Mungu, na kwa maneno yako halisi. Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini", inauliza hivyo tena na tena, na hakuna aliyemwambia Daudi ana pepo. Ukiwa umekalia dumu lako bombani, mwambie Mungu: hata lini ndoo yangu itasogezwa? Lisikike dogo au la kijinga, mwambie. Ukimpa Yeye lile la saa tatu usiku, halitamfikia mtoto saa saba.

Tua na kwa mume wako pia. Sioni kwamba ni mtu mbaya. Wewe mwenyewe unamwonea uchungu zaidi kuliko chuki. Magunia sita yaliyokwama ni yake vilevile, na yawezekana anageukia ukutani kwa sababu hana la kujibu. Lakini usimwendee usiku ukiwa na ndoo mkononi. Mwendee Jumapili baada ya chakula, usiseme "hunijali," sema unachotaka: "Wiki hii maji yakitoka, bombani uende wewe, mimi nilale." Bwana atatenda, ni kweli, na usiku mmoja kwa wiki atatenda kwa mikono ya baba watoto.

Halafu paa. Umeniandikia wakati huu mvua bado, lakini hazitachelewa sana. Kama nyumba yako ina bati, hesabu hii: mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Bati lenye mita za mraba 40, mvua ya milimita 10 ikinyesha, linateremsha lita 400. Hizo ni ndoo 20 za lita ishirini, kwa mvua moja! Hata zikipotea tano pembeni, ni zaidi ya ulizowahi kupata bombani kwa mwezi. Wazee wa Makonde walijenga mashimo ya kuhifadhi maji ya mvua si kwa starehe. Fedha ya korosho ikiingia, kabla haijagawanyika, nunueni mifereji ya bati na pipa au simtanki la kadiri ya uwezo wenu. Mvua za kwanza zisafishe bati, msiyakinge, na ya kunywa mchemshe. Sisemi hili kama nyongeza ya ushauri wa kiroho. Nguvu yako ya kuvumilia ina mwisho, na si vyema kuimaliza bombani wakati maji yanapita juu ya kitanda chako.

Korosho. Hapa nataka upambane, kwa adabu. Korosho zikitoka chama cha msingi zinakwenda ghalani, zinapigwa mnada, mnunuzi analipa, fedha inapita benki ndipo imfikie mkulima, na inaweza kukwama katika hatua yoyote. "Njoo kesho" haikuambii imekwama wapi. Chukua stakabadhi zako, usiende peke yako, nenda na wanachama wengine watatu wanne, muulize: mzigo wetu uliingia ghala gani, uliuzwa mnada wa tarehe ngapi, mnunuzi ameshalipa au bado? Yaandike majibu mbele yao. Yasiporidhisha, kuna afisa ushirika wa wilaya, na kuna mkutano mkuu wa chama ambao ni wenu. Yule mjane wa Luka 18 alikwenda kwa kadhi asiyemcha Mungu akaenda tena na tena, na Yesu hakumwambia kwamba hana saburi. Alimtoa mfano kwetu wa kuomba bila kukata tamaa. Ila kangomba achana nao. Licha ya kwamba ni kinyume cha sheria, kibakuli chao kinakula jasho lako la mwaka mzima kwa hitaji la wiki moja.

Na hapohapo, wale wateja wako wanaosema "nikilipwa korosho" wengi hawakudanganyi, wamekaa kwenye foleni ileile. Wawekee daftari na kikomo: maandazi ya kiasi fulani, deni likifika hapo, hapewi tena hadi alipe la zamani. Mwambie asubuhi ukiwa unatabasamu, siyo siku umefurika.

Mama mkwe sina mengi. Siku moja, unapochambua mboga, muulize yeye alichota wapi maji alipokuwa binti. Mwache aeleze mpaka aishie. Huenda "kifua" anachokusemea ni maumivu yake mwenyewe ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Umeuliza saburi inapatikanaje kwa shida zinazorudi kila siku. Wewe ni mkulima wa mikorosho, unajua kazi ya salfa, ile dawa ya kupuliza. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unarudi kila mwaka, msimu uleule, kwenye machipukizi na maua. Hujawahi kuuona ukashangaa. Na hungoji maua yameshakuwa meupe kwa unga ndipo ukatafute mashine; unaamka alfajiri upepo haujaanza, unapuliza, na baada ya wiki mbili hivi unarudia. Hakuna mkulima anayesema "nilipuliza mwaka juzi, mbona ugonjwa umerudi, basi mimi si mkulima." Hasira yako nayo ina msimu wake na saa yake. Kwa barua yako naiona: ni usiku wa maji, na ni asubuhi inayofuata. Basi Ijumaa na Jumamosi ujipange mapema. Kula kabla ya kwenda bombani, maana njaa peke yake ni nusu ya ugomvi. Siku inayofuata kanda unga nusu, upungukiwe faida kidogo. Na mkifika nyumbani na ndoo, kabla ya kuvuka kizingiti, itue chini, vuta pumzi, sema jina la Yesu mara moja, ndipo uingie. Huo uwe mti wa bibi yangu. Kuna wiki utasahau, utapiga kelele. Utaomba msamaha siku hiyohiyo, jua halijachwa, na wiki inayofuata utapuliza tena.

Jambo moja nikuombe kwa uzito. Ukiona mkono unainuka kwa watoto mara kwa mara, au usingizi hauji hata maji yakiwa yamejaa, au unaanza kuona heri usingekuwepo wewe, usifanye siri. Mwone mchungaji wako, na uende hospitali vilevile ukawaeleze waziwazi. Kwenda kwa daktari hakupunguzi imani ya mtu.

Nikukumbushe kitu wewe msomaji wa kanisa letu la kusini. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alitoka pwani na kundi la watu waliokombolewa utumwani, safari ikiwa ya kuelekea Ziwa Nyasa. Hawakufika Nyasa. Walitua Masasi, wakakaa, na kanisa tunalosalia wewe na mimi likaanzia pale walipotua mizigo.

Na huyo binti. Ndoo ya lita ishirini ikijaa ni kilo 20 za maji, na yeye ana miaka tisa. Hakujikwaa kwa uzembe. Mzigo ulimzidi, kama wako ulivyokuzidi wewe. Ukishamwomba msamaha, mtafutie dumu la lita tano liwe lake, na usiku wa maji mwache alale.